Kuku Wako na wa Jirani Wachanjwe Siku Moja

Ndugu wafugaji, ahsanteni kwa kuja. Wengi wetu hapa tuna kuku kumi, ishirini, hamsini wanaozunguka nyumba. Kwa mfugaji wa aina hiyo nina ombi moja: usichanje peke yako.

Nianze na mdondo, ambao wengine mnauita kideri, maana ndio unaoacha mabanda matupu. Kuku anazubaa, manyoya yanasimama, anahema mdomo wazi, anahara kinyesi cha kijani. Akiishi siku kadhaa, shingo inapinda au bawa linalegea. Kundi lisilochanjwa linaweza kwisha lote ndani ya siku chache. Ni ugonjwa wa virusi, na tiba hauna. Inanisikitisha kuona mtu anatumia akiba yake kununua antibiotiki zimtibu kuku wa mdondo. Dawa hizo zinaua bakteria, virusi haziviwezi.

Sasa sikilizeni jambo linaloleta manung'uniko mengi. Kuku akishaambukizwa mdondo, dalili huchukua kati ya siku 2 na 15 kuonekana, mara nyingi 5 au 6. Chanjo nayo inahitaji wiki moja hadi mbili ili kinga ijengeke. Basi jirani anapoteza kuku Jumatatu, wewe unakimbilia chanjo Jumanne, na Ijumaa wako nao wanaanguka. Utasema chanjo imewaua. Hapana. Waliingiziwa ugonjwa kabla hujafika dukani. Chanjo ni ya kuku mzima, tena hutolewa wakati kijiji kizima kimetulia na hakuna anayeiwazia. Ukiona kundi limeshaanza kuumwa, acha sindano na matone, mwite mtaalamu wa mifugo, watenge wagonjwa, na waliokufa wafukiwe shimo refu au wachomwe moto. Wasipewe mbwa, wasitupwe mtoni, na kuku aliyeanza kuzubaa asipelekwe kuuzwa. Ndivyo ugonjwa unavyosafiri.

Na unasafiri pia kwa viatu, ndoo, kreti za mayai, na kuku mgeni aliyeletwa kama zawadi. Mgeni huyo akae mbali na wenzake wiki mbili, na umhudumie baada ya kuwahudumia wako, siyo kabla.

Kwa nini nasisitiza majirani? Tazameni kichupa chenyewe. Chanjo nyingi za mdondo huja katika chupa za dozi mia na zaidi, na ikishachanganywa inatakiwa iishe siku hiyohiyo, nyingine ndani ya saa chache tu. Mwenye kuku kumi akiinunua peke yake, anamwaga karibu yote, na mwakani hanunui tena. Kaya saba zikichangia, haimwagiki, na kuku wanaochangamana jalalani wote wanakuwa na kinga. Ukichanja wako huku wa jirani hawajachanjwa, virusi vinaendelea kuzunguka mlangoni kwako, vikimsubiri kifaranga aliyeanguliwa jana.

Chanjo ya matone ya jicho ni kazi ya watu wawili. Mmoja amshike kuku kwa upole, amlaze ubavu, jicho moja litazame juu. Mwingine asimamishe chupa wima, ncha isiguse jicho, tone moja lianguke. Msimwachie hapo hapo! Ngojeni apepese, muone tone limezama. Akilikung'uta, mpeni jingine. Fanyeni alfajiri au jioni, kuku wakiwa bandani, la sivyo mtashinda mkiwafukuza.

Wanaopendelea kuchanganya na maji ya kunywa, tahadharini na klorini: maji ya bomba yaliyotiwa dawa huua chanjo ambayo ni hai. Na jogoo wakali hunywa sana, mitetea wanyonge wakakosa. Mimi kwa kundi dogo nashauri jicho, kila kuku unajua amepata.

Chanjo iwe baridi njia nzima, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya chombo chenye barafu, jua lisiiguse. Ipo inayoitwa I-2 inayovumilia joto zaidi, na imewafaa sana watu wa mbali na friji. Lakini kuvumilia joto si kuiacha dirishani.

Ndui tuipitie haraka: huletwa na mbu pia, vipele hutokea kwenye kilemba na kope, na chanjo yake huchomwa kwenye ngozi nyembamba ya bawa. Baada ya siku 7 hadi 10 kagueni pale. Kipele kidogo kikiwepo, imeshika. Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi unaoshambulia kuku wachanga, chanjo yake inahitaji ratiba ya mtaalamu, kwa kuwa kinga ambayo kifaranga hurithi kwa mama yake inaweza kuizima chanjo iliyotolewa mapema mno.

Matone ya mdondo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, na hapo ndipo vikundi vingi hulegea. Kwa hiyo kabla hatujatawanyika leo, kila mtaa uchague mtu mmoja wa kutunza daftari: nani ana kuku wangapi, walichanjwa lini, tarehe ijayo ni ipi. Nitabaki hapa, tuanze na waliokaa mbele.