Mwembe Usiokuwa na Bikoni

Mheshimiwa Mwenyekiti, wenyeviti wa mitaa mliofika, walimu, wanafunzi, kina mama na kina baba wa Mtwara, pamoja na wageni wetu waliotoka Lindi asubuhi hii, nawashukuru kwa kunipa tena nafasi ya kusema juu ya maeneo ya wazi ya mitaa yetu, jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu mara nyingi hata mnaweza kunimalizia. Nimeona watu wakitabasamu kule nyuma. Nitalisema hivyo hivyo, kwa sababu tangu niliposimama hapa mara ya mwisho, eneo jingine limeota fremu za maduka.

Jambo lenyewe linaanzia kwenye jina. Katika mchoro wa mipangomiji, kipande kilichotengwa kwa bustani au michezo huandikwa "eneo la wazi", na mimi niliyefanya kazi ya upimaji hadi nikastaafu nimeshuhudia jinsi maneno hayo matatu yanavyosomwa. Aliyechora ramani huyasoma kuwa ni mahali pa watu kupumzika. Mwenye fedha mkononi huyasoma kuwa ni kiwanja kilicholala. Nasi wapimaji tuna dhambi yetu hapo, maana viwanja vya watu tuliviwekea bikoni, yaani vigingi vya zege vya kuonyesha mpaka, na kila kimoja tukakipa namba, lakini eneo la wazi mara nyingi tuliliacha lijulikane kwa kuzungukwa na viwanja hivyo, kama tundu katikati ya pete. Likawa halina namba, halina hati, wala halina mtu wa kulisemea.

Niruhusuni nirudi kwenye ule mwembe wangu. Mtaa sitautaja, kwa kuwa waliohusika bado tunapeana salamu msikitini. Ulikuwa mwembe wa dodo, mpana, umesimama katikati ya eneo la wazi la mtaa ule, na mizizi yake iliyotokeza juu ya mchanga ilikuwa imelainishwa na makalio ya vizazi viwili hadi ikang'aa kama kiti cha kinyozi. Chini yake palichimbwa mashimo 32 ya bao, na kete, ambazo zilikuwa komwe, zilihifadhiwa ndani ya kopo la rangi lililoning'inizwa tawini kwa waya, bila kufuli, na sikuwahi kusikia kwamba zimeibiwa.

Jumamosi moja ya mwezi Novemba, nikiwa nimechoka kuambiwa kwamba "pale hapana kitu", nilichukua daftari, nikaketi pale tangu alfajiri na kumwandika kila aliyefika. Wa kwanza alikuwa mama wa uji na vitumbua, ambaye aliwasha jiko kabla kunguru hawajaamka. Wakafuata vijana wa bodaboda, walioziegesha pikipiki zao kwa kufuata kivuli, na kila kivuli kilipohama nao wakazisogeza hatua mbili kuelekea mashariki, nikatambua kwamba mti ule ndio uliokuwa saa yao. Watoto wa madrasa walipita na juzuu zao, wakaangusha embe mbichi na kuzila kwa chumvi iliyokuwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Mwanamke mmoja aliyekuwa akirudi kutoka hospitali ya Ligula, mtoto mgongoni, aliketi karibu saa nzima akisubiri jua lipoe. Mjumbe aliamua ugomvi wa mpaka wa ua, na wagombanaji wote wawili waliondoka hawakuridhika, kama ilivyo kawaida. Saa nane wazee wa bao wakaingia, na kuanzia hapo sikuweza kuandika vizuri kwa kelele. Ilipofika magharibi nilikuwa nimejaza kurasa tatu, nimeketi siku nzima mahali pasipokuwa na kitu.

Miaka miwili baadaye mwembe ule ulikatwa kwa msumeno wa petroli, asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa shughulini. Nilipokwenda kuuliza ofisini, nilionyeshwa karatasi iliyosema kwamba eneo lile lilikuwa "halitumiki". Leo pana fremu sita. Mbili tu zina wapangaji, na mmoja wao anauza feni.

Mnacheka, na mimi nilicheka siku ya kwanza. Lakini hebu tuiangalie feni ile kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna hesabu nzima ninayowalilia. Mti hupoza kwa njia mbili: huzuia jua lisifike chini, na majani yake hutoa mvuke wa maji ambao huondoka na joto. Bati na vitofali vya saruji hufanya kinyume, hulimeza joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, wakati ambapo mtu anataka kulala. Kwa hiyo wakazi wa mtaa ule waliondolewa ubaridi waliokuwa wakiupata bure, kisha wakafunguliwa duka la kuununua, na umeme juu yake. Mama wa uji amehamia upenuni mwa nyumba ya mtu, ambaye humtoza kodi ya upenu.

Najua ninachojibiwa. Nitaambiwa kwamba Mtwara imezungukwa na mikorosho na mapori, ukitoka kidogo tu kuelekea Naliendele unaona kijani hadi macho yachoke, sasa bustani ya nini? Ndugu zangu, mkorosho una mwenyewe, na mwenyewe akikukuta umeketi chini yake mwezi Oktoba hatakuuliza habari za mapumziko. Isitoshe, yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kutembea hadi Naliendele kutafuta kivuli. Bustani huwa na maana pale mtu anapoifikia kwa miguu akiwa amechoka. Mwingine ataniambia kwamba tunao uwanja wa Nangwanda Sijaona. Tunao, na naupenda, lakini uwanja wa mpira una ukuta na lango, na lango lina mlinzi. Wa tatu, ambaye namheshimu zaidi, ataniuliza kama nataka kuwanyima machinga mahali pa kutafutia riziki. Jina hilo limetoka huku huku kusini, siwezi kulidharau. Machinga anahitaji kivuli kuliko sisi tulioketi ndani ya ukumbi huu. Aliyejenga fremu zile hakuwa machinga.

Nirudi nyuma kidogo, ili vijana wajue mapengo haya tuliyapataje. Mji huu ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ambao Waingereza waliutarajia ujaze meli bandarini. Karanga hazikukubali, mpango ukafungwa mwaka 1951, reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nasi tukabaki na barabara pana na nafasi kubwa kati ya mtaa na mtaa. Ilikuwa zawadi ya kosa la watu wengine, na kwa miongo mingi hapakuwa na aliyeigombania. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na miaka hiyo hiyo habari za gesi zilileta wanunuzi wa viwanja ambao hatukuwahi kuwaona. Ndipo kila pengo lisilokuwa na bikoni likapata mwenyewe.

Sasa niseme juu ya upandaji, kwa kuwa hapa ndipo subira yangu huishia. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa wenzetu wenye mvua za masika zinazoendelea hadi Mei ni tarehe nzuri sana. Sisi wa kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba, na Aprili ikifika unaelekea ukingoni. Mche unaopandwa siku hiyo, mbele ya viongozi na wapiga picha, hupata wiki chache za mvua, kisha huikabili kiangazi ya miezi mingi ukiwa na mizizi ya kidole kimoja. Halafu Septemba tunawalaumu mbuzi. Sisemi tususie siku ya taifa; tuitumie kupalilia na kuhesabu miche tuliyoipanda Desemba.

Na tuchague mti wa kumfaa mtu. Kila ofisi inayotaka kupendeza hupanda miashoki, mti mzuri wa kutazamwa, ulionyooka kama askari wa gwaride, lakini saa saba mchana kivuli chake kinamtosha mbuzi mmoja, naye asimame wima. Mkungu hutandaza matawi yake kwa tabaka kama mwavuli juu ya mwavuli. Mwarobaini huvumilia ukame. Karibu na bahari, mvinje hustahimili upepo wa chumvi. Mwembe mnaujua.

Mwenyekiti ameninyooshea saa yake, kwa hiyo ufukwe nitaupitia mbio, ingawa ulistahili mhadhara wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Nendeni na futi kamba Shangani au Mikindani mkapime wenyewe kutoka maji yalipoishia hadi ukuta wa kwanza. Mikoko nilikuwa nimeiandalia kurasa mbili, naiacha. Wageni wetu wa Lindi nawaomba radhi, maana mji wenu una vilima nyuma na bahari mbele, na maji ya mvua yanayoshuka kati yake yanahitaji ardhi yenye mizizi ya kuyapunguza kasi, na hilo nitalifuata huko huko kwenu mkinialika.

Ninachowaomba leo ni kidogo. Kila mwenyekiti wa mtaa aliyeko hapa aende ofisi ya ardhi wiki hii, aombe kuona mchoro wa mtaa wake, na ahesabu vipande vilivyoandikwa "eneo la wazi". Kisha aende navyo mkutano mkuu wa mtaa, watu wavitembelee kwa miguu, na halmashauri iandikiwe barua ya kuomba kila kipande kiwekewe bikoni na kipewe namba kama kiwanja kingine chochote. Akikuta kimoja tayari kina msingi wa nyumba, aandike tarehe aliyouona, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.

Nimeuona mkono wa mama aliyeketi karibu na dirisha, na kwa jinsi alivyounyanyua tangu nilipotaja bustani, nadhani atauliza habari za vyoo. Nilivisahau kabisa. Karibu, mama, uliza.