Tunapanga Safari ya Lost Sea: Pango la Tennessee Lenye Ziwa Ndani

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Karibuni. Leo tunapanga safari ya Lost Sea, lile pango la Sweetwater, Tennessee, lenye ziwa ndani yake. Naifanya video hii hasa kwa ajili yenu ndugu zangu wa Knoxville, Nashville, Chattanooga na Atlanta, maana kila tukipata wageni kutoka nyumbani swali ni lile lile: tuwapeleke wapi? Shika simu yako, fungua mahali pa kuandika, tuanze.

Hatua ya kwanza inafanyika sebuleni kwako. Wahesabu wote mnaokwenda, halafu jiulize: kati ya hawa, nani atachoka wa kwanza? Huyo ndiye atakayetupangia saa, viatu na mwendo. Sababu ni hii. Pango hili halina ngazi, na watu wakisikia halina ngazi wanadhani ni sawa na kutembea dukani. Njia ni pana kweli, imesawazishwa na ina taa. Lakini inateremka. Ziwa liko kama mita 43 chini ya ardhi, na kila hatua utakayoishuka kwa raha ukienda, itakubidi uipande ukirudi. Kwa jumla ni mwendo wa kama kilomita moja na robo kwa miguu, na ziara nzima pamoja na boti inachukua saa moja na robo hivi.

Mara ya kwanza sikulizingatia hilo. Nilikwenda na mama yangu mzazi, ana miaka 68 na goti lake la kulia linamsumbua. Kushuka alikuwa mbele yangu, anazungumza. Wakati wa kupanda, katikati ya njia, akanishika mkono na hakusema kitu. Mama akinyamaza, mimi najua. Tulisimama mara tatu, kundi zima likitusubiri, nikaona anaona haya kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Kwa hiyo haya ninayowaambia leo ni yale niliyoyafanya mara ya pili, na mara ya pili alitoka pangoni anatabasamu.

Sasa tupange siku na saa. Pango hufunguliwa saa tatu asubuhi, na muda wa kufunga hubadilika kwa majira, kiangazi hufunga jioni zaidi kuliko baridi. Hawafungui Sikukuu ya Shukrani wala Krismasi, siku nyingine zote wapo. Usiku wa kabla ya safari ingia kwenye tovuti yao uangalie saa na bei ya siku hiyo. Kama mna kundi kubwa, tuseme la msikiti, kanisa au jumuiya, pigeni simu mapema mpangiwe nafasi. Ushauri wangu: siku ya kazi, ziara ya kwanza ya asubuhi. Jumamosi za Juni na Julai watu ni wengi, na mtu mwenye goti bovu hapendi kusimama foleni kabla hata hajaanza kutembea.

Hapa watu wa Nashville mnisikilize vizuri. Saa ya Nashville na saa ya Sweetwater hazilingani. Kwenu ikiwa saa mbili, Sweetwater tayari ni saa tatu. Unapokwenda mashariki unapoteza saa nzima barabarani bila kuiona. Nawafahamu watu waliotoka nyumbani wakihesabu kufika saa sita, wakafika saa saba. Simu itajibadilisha yenyewe, lakini hesabu ya kuondoka uipige mwenyewe: mwendo ni kama saa mbili na nusu hadi tatu, ongeza hiyo moja.

Njia yenyewe ni rahisi. Mnashika barabara kuu ya I-75, mnatoka eksiti 60, kisha mnafuata barabara namba 68 kama kilomita 11, vibao vitawaongoza. Kutoka Knoxville haifiki saa nzima. Jazeni mafuta kabla ya kuacha barabara kuu.

Twende kwenye nguo. Tazameni hapa kitandani nimezipanga. Ndani ya pango joto ni nyuzi 14 za Selsiasi, mwaka mzima, mchana na usiku. Nje inaweza kuwa 33, unaingia ndani umevaa fulana, baada ya dakika kumi unatetemeka. Kwa waliowahi kufika Lushoto mwezi wa saba, ni baridi ile ya jioni. Kwa hiyo sweta, kila mtu, hata kama watoto watalalamika kwenye gari. Kina mama, chukueni na kanga moja ya ziada ya kujitanda. Mwamba hudondosha maji na tone moja likikupata shingoni utaikumbuka hiyo kanga. Gauni refu au dera si tatizo, ila livutwe juu kidogo na kufungwa kiunoni lisije likakanyagwa kwenye mteremko. Viatu ni vya kufunga, vyenye soli yenye meno. Ndala haziingii huku, naomba msibishane nami. Njia ina unyevunyevu, na mteremko wenye unyevunyevu hauna huruma kwa ndala. Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko ili mikono yako ibaki huru. Mzee wako apewe mkongojo hata kama anasema hauhitaji. Na kama mna mtu wa kiti cha magurudumu, pigeni simu muulize kabla ya kutoka nyumbani, msikate tamaa wala msibahatishe.

Viatu hivyo nina neno jingine navyo, nitarudi.

Kabla ya safari, zungumzeni na wageni wenu kuhusu pango lenyewe. Hatua hii wengi wanairuka. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu neno pango halina maana ya utalii peke yake. Mapango ya Amboni tunayajua tangu utotoni, kuna watalii na kuna wanaokwenda kuomba na kuweka nadhiri. Nilipomwambia mama nampeleka pangoni, swali lake la kwanza lilikuwa, "La mizimu?" Nikamweleza. Mwamba ni wa chokaa, kama kule kwetu. Maji ya mvua yanapopita kwenye udongo huchukua hewa ya kaboni dioksidi, yanakuwa na ukali kidogo kama wa limau lililozimuliwa sana, na ukali huo unaula mwamba polepole kwa miaka isiyohesabika hadi panabaki uwazi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi Mungu ndiye mchimbaji." Akaingia bila hofu.

Wasimulieni pia kisa cha mtoto aliyeliona ziwa, maana mtakapofika chini mtakifikiria. Pango lenyewe lilijulikana zamani. Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hili, walilitumia, na jina la pango lenyewe, Craighead Caverns, limetokana na chifu wao. Walowezi wakaweka viazi humo kwa sababu ya ubaridi wake. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la majimbo ya Kusini lilichimba humo shura ya kutengenezea baruti. Kuna mwaka 1863 umeandikwa ukutani kwa moshi wa mwenge. Hata mifupa ya jagwa, yule mnyama wa ukoo wa chui, imepatikana ndani, ya tangu enzi za barafu. Lakini ziwa hakuna aliyeweza kulionyesha. Mwaka 1905 kijana wa miaka 13, Ben Sands, akajipenyeza kwenye tundu dogo lenye matope, akatambaa, akatokea mahali ambapo mwanga wake haukufika ukuta wowote. Akafinyanga madonge ya tope akayatupa gizani, kila upande. Kila donge likajibu kwa mlio wa maji. Mama alipokisikia kisa hiki aliuliza jambo moja tu: "Aliporudi nyumbani na yale matope, mama yake alimfanya nini?"

Haya, mmefika, tiketi mmekata, mmekwenda msalani, maana ndani safari ni ndefu. Mnaingia kwa kupita kwenye tundu la bati la rangi ya njano. Mwenye hofu ya mahali pembamba amtazame aliye mbele yake, ni hapo tu, ndani panapanuka. Na sasa fanya jambo ambalo mimi sikulifanya mara ya kwanza: mfuate mwongozaji kabla hajaanza, mwambie kwa sauti ya kawaida, tuna mzee, goti lake si zima. Kisha wakati wa kurudi muweke mzee mbele kabisa, nyuma ya mwongozaji. Akiwa mbele, kundi lote litafuata mwendo wake na hakuna atakayejua kwamba limepunguza mwendo kwa ajili yake. Akiwa nyuma, atakuwa anafukuzana na migongo ya watu hadi mlangoni. Mama yangu mara ya pili alitembea mbele. Hatukusimama hata mara moja.

Ndani msiguse mawe. Mafuta ya ngozi yanakaa kwenye jiwe, maji yanashindwa kushika pale, na jiwe linaacha kukua. Waambieni watoto sababu hiyo, wakielewa wanatii. Inueni macho mtafute maua ya pango, vijiti vyembamba vyeupe vya mawe vilivyochanua kama miiba ya nungunungu. Ni mapango machache sana duniani yenye maua hayo, na ni sababu mojawapo ya serikali ya Marekani kuliweka pango hili kwenye orodha ya alama za asili za taifa mwaka 1973. Nusu ya watu wanapita chini yake wakitazama simu.

Kuna mahali mwongozaji huzima taa zote. Mshike mtoto mkono kabla, umwambie kitakachotokea. Giza lile si la usiku, usiku una nyota. Unaweka kiganja mbele ya pua na hukioni. Simu zikae mfukoni, skrini moja ikiwaka imewaharibia wote.

Halafu ziwa. Nitaiacha video ijionyeshe kidogo... Maji yametulia, yana taa chini, unaona hadi kwenye mwamba. Sehemu inayoonekana ina urefu wa mita 244 na upana wa mita 67 hivi. Wapiga mbizi wamepima vyumba vilivyojaa maji zaidi ya hapo, eneo la ekari 13, na mwisho hawajauona. Mnapanda boti za umeme zenye kioo chini, hazina kelele. Mzee apande mapema akae kabla boti haijaanza kuyumba kwa watu, na apewe mkono, si kwapa. Samaki mtakaowaona ni trauti. Waliletwa na watu, hawazaliani humu, wanalishwa, na kwa kukaa na mwanga kidogo rangi yao imefifia. Wakati wa kulishwa wanaruka, kwa hiyo mikono ya watoto ibaki ndani.

Mkiwa juu ya maji hapo, waambieni wageni wenu jambo hili: hili ndilo ziwa kubwa la chini ya ardhi nchini Marekani, lakini kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani, ukiacha yale yaliyofunikwa na barafu, liko Afrika. Ni Dragon's Breath, Namibia, liligunduliwa mwaka 1986, na kulifikia ni kwa kamba tu, kwa wataalamu. La Tennessee mama yangu amelifikia kwa mkongojo.

Mkitoka, msikimbilie gari. Mzee aketi kwanza, anywe maji, mwili uzoee joto. Pale nje pana kijiji kidogo cha nyumba za mbao za kizamani na maduka, watoto wana pa kuzunguka.

Sasa vile viatu. Popo wa Amerika ya Kaskazini wamekufa kwa mamilioni kwa ugonjwa wa pua nyeupe, unaoletwa na kuvu inayopenda mapango ya baridi. Ulionekana kwanza jimbo la New York mwaka 2006, na Tennessee umefika. Kuvu yenyewe asili yake inaaminika ni Ulaya na Asia, na huenda ni watu waliovuka nayo bahari, kwenye matope ya viatu au vifaa. Kwa hiyo nguo na viatu vilivyoingia pango moja visiingie pango jingine. Ukifika nyumbani sugua soli, fua nguo kwa maji ya moto. Amboni kuna joto, kuvu hii hailipendi, lakini Amboni kuna popo wengi mno na mimi sibahatishi. Mama aliporudi Tanga aliondoka na viatu vipya. Vile vya pangoni vipo kwangu hadi leo, kwenye mfuko pale nyuma ya mlango, mnaviona? Amesema nimtunzie, akija tena atavivaa.