Kutoka Hadubini hadi Ukutani: Kuandaa Sanaa ya Kuchangia Watoto Wagonjwa

Wachoraji, wauguzi na wazazi mliofika, tunageuza picha za hospitali kuwa kazi za sanaa za kuwachangia watoto wagonjwa, basi tuanze na faili kabla ya kushika brashi. Picha ya CT au MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, hutunzwa katika faili la DICOM, muundo wa faili wa picha za hospitali, na humo mna jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya hospitali. Wengi hukata kona yenye maandishi wakadhani wamemaliza, kumbe yaliyomo ndani ya faili yako palepale. Mwombeni mtaalamu wa picha awatolee nakala ya TIFF, yaani faili la kawaida la picha, isiyo na taarifa za mgonjwa, kisha mkague kwa macho maandishi yaliyoganda juu ya picha yenyewe. Kwa kichwa, chukueni kipande kimoja tu, yaani picha ya tabaka moja. Vipande vyote vikiunganishwa na kompyuta, sura ya mtoto huonekana.

Ridhaa ya matibabu si ridhaa ya maonyesho. Mzazi atie sahihi karatasi ya pekee inayosema kazi itatundikwa wapi, kama itauzwa, na mwisho wa kujiondoa ni lini. Mwambieni waziwazi kwamba chapa, yaani nakala iliyochapwa, ikishauzwa hairudishiki. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe, na akikataa, basi, hata kama mama yake amekubali.

Sasa ukubwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kipande cha CT kwa kawaida kina pikseli, yaani nukta za picha, 512 kwa 512. Ukikichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, unapata mraba wa sentimita 4.3 tu! Ukilazimisha kifike nusu mita, utatundika ukungu. Picha hiyo itumieni kama kielelezo: fuatisheni mistari yake kwa penseli, mchonge linoleo, kile kitandiko laini cha kuchongea chapa, au mtarizi kwa uzi. Slaidi ya hadubini, kioo chenye tishu nyembamba, ni tofauti kabisa. Ikiskaniwa kwa mikroni 0.25 kwa pikseli (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), tishu ya milimita 15 hutoa pikseli 60,000, na hiyo hujaza ukuta.

Rangi nazo zina maana. Kwenye tishu, rangi ya maabara iitwayo hematoksilini hutia viini vya seli buluu ya zambarau, na nyingine, eosini, hutia sehemu nyingine waridi. Kwenye damu ya mtoto mwenye lukemia kali ya limfu, aina ya saratani ya damu, tazameni seli changa kwa karibu: kiini kimejaa karibu seli nzima, pembeni umebaki ukingo mwembamba wa buluu. Kiini kikichorwa kidogo, ugonjwa umepotea kwenye picha. Msiongeze wekundu ili kutisha. Familia zitasimama mbele ya kazi hiyo.

Eksirei husumbua kwenye karatasi. Weusi wake hunywa wino mwingi, karatasi hujikunja, na kijivu kilichong'aa kwenye skrini hufifia. Chapeni kwanza ukanda wa sentimita 10, au geuzeni picha mifupa iwe myeusi kwenye weupe. Tumieni wino wa pigmenti na karatasi ya pamba isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita mraba.

Lebo iandike aina ya picha, mara ngapi imekuzwa, namba ya chapa kati ya zote, na kiasi gani cha bei kinakwenda kwa watoto. Andikeni kiasi chenyewe. "Sehemu ya mapato" haimwambii mnunuzi kitu.