Banio Lililoachwa Wazi

Ndugu wanafunzi, waalimu, na ninyi wazee wa jumuiya za watumia maji mlioitika wito kutoka Mbarali, shikamooni na karibuni.

Leo nitazungumzia mto mmoja tu, Ruaha Mkuu wa hapa Tanzania, na tena miezi minne tu ya mto huo, Agosti hadi Novemba. Miezi mingine maji yapo na ugomvi ni mdogo. Ni katika hii minne ambapo mto hukatika.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha ulitiririka mwaka mzima. Kiangazi cha 1993 maji yakakoma ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo kukoma kumekuwa jambo la karibu kila mwaka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi hadharani kwamba ifikapo 2010 mto utarudi kutiririka masika na kiangazi. Mwaka 2010 ulifika, mto ukiwa bado unakauka.

Ili tuelewe kwa nini, tuyafuate maji yenyewe. Yanashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere kwa mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ruaha wenyewe, yanafika tambarare ya Usangu, na hapo ndipo yanapoanza mabanio, yaani vizuizi vya kukinga maji ya mto yaingie mferejini. Kinachosalia kinaingia Ihefu. Kinamasi hicho kimezuiwa upande wa kutokea na kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Maji yasipofikia kimo cha mwamba ule, hakuna kinachovuka kwenda hifadhini. Na kabla hayajafika, jua na majani ya kinamasi yameshachukua sehemu kubwa. Watafiti walikokotoa kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde ivuke Ng'iriama wakati wa kiangazi, Ihefu inapaswa kupokea kama mita za ujazo 7 kwa sekunde. Naomba hesabu hii muiandike, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha ukubwa wa kazi. Kurudisha kijito chembamba tu hifadhini kunadai maji mengi huku juu.

Sasa samaki. Mto ukikatika hubaki madimbwi, na viboko wote wa eneo hukusanyika humo. Mto unapotiririka, kinyesi cha kiboko ni chakula cha mto, kinalisha wadudu na wadudu wanalisha samaki. Maji yakisimama, kinyesi kilekile kinaoza dimbwini na kumaliza oksijeni. Kambale anaweza kupanda juu akavuta hewa. Perege hawezi, naye anakufa. Utafiti uliofanyika Ruaha na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha wazi jinsi samaki wanavyopungua katika madimbwi yenye viboko wengi, kisha wakarejea mtiririko unaporudi. Hili linanipa matumaini makubwa. Mto huu bado una uwezo wa kujiponya, ila unahitaji mtiririko.

Lawama zimekwenda huku na kule. Umeme ulipokuwa wa mgawo miaka ya 1990, kidole kilielekezwa Usangu, kwamba wakulima wanakausha Mtera, bwawa la umeme. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na uchunguzi ulionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia upungufu ule. Kisha wakalaumiwa wafugaji. Wakaondolewa kuanzia 2006 pamoja na mifugo yao, na kwa familia nyingi ilikuwa adha kubwa. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa hifadhini. Mto ukaendelea kukauka.

Nami nawaombeni tutazame banio. Zamani mkulima alikinga maji kwa mawe, magogo na majani. Banio la namna hiyo lilivuja, na masika lilisombwa. Kilichovuja kilikwenda Ihefu. Kisha miradi ikaja na zege na milango ya chuma, kwa nia njema kabisa: kumpunguzia mkulima kazi ya kujenga upya kila mwaka. Lakini banio la zege lina uwezo wa kuchukua karibu mto mzima wakati maji yamepungua. Na kibali cha kutumia maji kikiandikwa kwa lita kwa sekunde, mwenye nacho huona ana haki ya lita zile hata Oktoba, wakati mto wote haufikii kiasi hicho.

Na Oktoba mpunga uko wapi? Umeshavunwa. Majaruba ni makavu, lakini mfereji unatiririka, kwa sababu vijiji vimejengwa kando yake na watu wanachota humo maji ya kunywa, kufua na kumwagilia bustani. Mahitaji yao ni madogo, ila ili ndoo moja ifike mwisho wa mfereji wa udongo lazima mengi yapotee njiani. Wapo pia wanaowahi kuandaa vitalu mapema ili wauze mpunga bei ikiwa juu. Siwalaumu, soko ndilo linalowasukuma. Lakini hawa ndio wanaogombana na samaki juu ya maji, katika wiki zilezile mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo, mzee wa jumuiya, ukiambiwa ufunge banio, una haki ya kuuliza: wanangu watakunywa nini? Jibu ni kisima kirefu na pampu kijijini, kabla ya kufuli kuwekwa kwenye lango. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu na maji ya mazingira, na vyote viwili vinaweza kutimia hapa kwa pamoja. Kilimo shadidi, yaani kilimo cha mpunga kwa maji kidogo, kinasaidia masika, maana jaruba halihitaji kujaa maji muda wote. Lakini kinachookolewa Februari hakimfikii perege wa Oktoba, isipokuwa pawe na pa kukihifadhi.

Ninyi mtakaoajiriwa katika bodi za maji za mabonde, kibali kiandikeni kwa msimu: kiasi cha masika, na kiasi cha kiangazi kinachopungua kadiri mto unavyopungua. Pimeni banioni Septemba, si Machi. Na mkae na wakulima wa juu na wa chini pamoja, kwa sababu mkulima wa mwisho wa mfereji anajua kukosa maji vizuri kuliko yeyote kati yetu, na mara nyingi ndiye wa kwanza kukubali zamu.

Asanteni. Nakaribisha maswali, tukianza na wazee wetu wa Mbarali.