Daftari la Waliotoka Wodini

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Mama zangu, wauguzi wenzangu, nanyi wa kaunti mliokuja kutusikiliza.

Nataka kuanza na daftari. Nilipokuwa kliniki ya akili, siku moja nilishuka na kidole kwenye safu ya mwisho, ile ya tarehe mgonjwa aliyorudi kudungwa sindano ya mwezi. Tupu. Tupu. Tupu. Na ripoti ya mwezi ule ilikuwa imeshakwenda juu, ikitaja wingi wa tuliowahudumia. Hesabu ilikuwa sahihi. Waliopotea ndio hawakuhesabiwa.

Mwaka 1966, Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut, alieleza kwamba ubora wa tiba hutazamwa kwa mambo matatu: vilivyopo, yanayotendwa, na yanayompata mgonjwa hatimaye. Sisi twapenda la kwanza: vitanda, madaktari, rangi ya ukuta. Mimi naomba tukazanie kiashiria kimoja cha la pili: kati ya walioruhusiwa kutoka wodini, ni wangapi wameonwa tena ndani ya siku 7? Marekani hupima siku 7 na siku 30. Uingereza, tangu 2020, hospitali zatakiwa kumfuatilia mgonjwa ndani ya saa 72, kwani hatari ya mtu kujiua huwa kubwa mno siku na majuma ya mwanzo baada ya kutoka wodini.

Ukishaipata nambari, uliza sababu. Mama wa Likoni, ng'ambo ya kivuko, havuki na mwanawe kuja kliniki kwa nini? Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, matatu si bure. Na pengine mara ya mwisho alifika akaambiwa dawa hakuna. Basi hesabuni pia siku ambazo stoo haikuwa na dawa, mziweke ukurasa huohuo. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Uamuzi wa dawa hizo waweza kufanywa hapahapa Mombasa.

Lakini nawasihi, nambari isiwe fimbo. Nimeona safu nzima ikijazwa saa kumi jioni kwa kalamu moja, kwa sababu mkaguzi alikuwa njiani. Muuguzi akiogopa, daftari litadanganya.

Kijana wa kwanza kwenye orodha yangu ya waliopotea nilimtafuta kwa simu. Akapokea dadake, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Sisi tulidhani mshamalizana naye.”