Petroli ya boti yako inapotelea wapi? Twende tukaitazame

Asalaam aleikum ndugu zangu wavuvi. Nipo Kilwa Masoko, maji yamekupwa, boti imelala mchangani. Ni ya faiba, mita 7, mashine ya nguvu za farasi 15. Ukishatoa hela ya petroli na barafu, kinachobaki ndicho mnachogawana, kwa hiyo tusikilizane vizuri.

Kwanza, tumbo la boti. Sogea uone: napitisha kiganja hapa kando ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, kinakwaruza. Ukoga, na hivi vigamba vigumu vimeshaanza kushika. Vyote hivi mashine inaviburuta. Kwangua kwa ubao, siyo kwa panga, usije ukaichimba faiba. Mimi nafanya hivi kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana.

Propela nayo ipitishe kidole ukingoni. Hapa pamebonyea, mpelekee fundi. Ukiona nailoni imejiviringa kwenye shafti, fungua uitoe yote. Ikifika kwenye sili, ule mpira unaozuia maji, maji yataingia kwenye oili ya gia.

Bamba lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti, au lizame kidogo, lisizidi sentimita 5. Oili ya kuchanganya na petroli, fuata kitabu cha mashine: kikisema 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400. Usikisie kwa macho.

Sasa tupo majini, na hapa ndipo petroli nyingi inapopotelea kuliko kote nilikopita. Tuna nyavu, barafu na watu wanne. Nimefungua moto wote, mashine inakwenda kwa nguvu zake zote. Geuka, tazama nyuma: wimbi limesimama, omo, yaani mbele, imeinuka; tezi, yaani nyuma, imezama. Lile wimbi ndilo petroli yako! Boti ya urefu huu ikiwa na mzigo, ikishafika kama maili 6 za bahari kwa saa, moto unaoongeza unapanda kwenye wimbi, mwendo hauongezeki sana. Narudisha mkono taratibu… taratibu… hapo. Wimbi limelala. Sasa sogezeni kasha la barafu katikati, na mfue ngama, yale maji yaliyoingia ndani ya boti.

Jaribu mwenyewe. Siku mbili zenye upepo unaofanana, nenda mwambao uleule: moja kwa moto wote, nyingine hivi. Ukirudi, pima tangi kwa kijiti kilekile, uandike. Ila mafuta ya akiba usiyapunguze hata kidogo. Kusi ikikaza, hayo ndiyo yatakayokurudisha nyumbani.