Vidole Gumba Vinne: Mbele ya Mchoro wa Mwanafunzi

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuko kwenye maonyesho ya sanaa ya wanafunzi. Kaka, nasikia wiki hii umeenda mara mbili kwenye maonyesho yale yale.

KAKA: Mara mbili, dada. Mara ya kwanza nilizunguka ukumbi mzima kwa dakika ishirini hivi, nikapiga picha kwa simu, nikatoka. Usiku nikazifungua zile picha, nikaona sikumbuki hata kazi moja. Iliniuma kweli. Mtu kakaa na turubai yake miezi, mimi nimempa sekunde tatu. Basi nikarudi.

DADA: Na uliporudi ulianzia wapi?

KAKA: Safari hii nilichagua kazi moja tu. Mchoro wa mkaa kwenye karatasi kubwa, urefu wake karibu sawa na mlango. Mikono miwili ya mwanamke mzee anatia uzi kwenye tundu la sindano. Hakuna uso, hakuna chumba. Ukisimama mbali unaona mikono tu, imechorwa vizuri, basi. Ukisogea unaanza kuona vidole vya ziada. Kidole gumba kimechorwa, kikafutwa, kikachorwa pembeni kidogo, kikafutwa tena. Nilihesabu vidole gumba vinne. Kimoja kimekolea, vitatu vimefifia.

DADA: Ndiyo tabia ya mkaa hiyo. Karatasi ya kuchorea si laini kama inavyoonekana, ina vijishimo, na unga wa mkaa unajishikiza humo ndani. Pitisha kifutio upendavyo, bado utabaki ukungu wa kijivu. Yupo msanii wa Afrika Kusini, William Kentridge, ambaye tangu 1989 ametengeneza filamu kwa njia hiyo. Anachora kwa mkaa, anapiga picha moja, anafuta kidogo, anachora tena juu ya karatasi ile ile, anapiga nyingine. Filamu ikipita unaona vitu vinatembea na kuacha kivuli cha pale vilipokuwa.

KAKA: Sasa hapa hakuna filamu, ni karatasi moja imetulia ukutani, lakini nakuambia ile mikono inatetemeka. Vile vidole vitatu vilivyofifia vinakufanya uhisi yule bibi amejaribu kutia uzi mara tatu akakosa. Mara ya kwanza nilipita hapo hapo, nikaona mikono tu.

DADA: Ulimpata mchoraji mwenyewe?

KAKA: Alikuwa amekaa kando na wenzake. Nilimuuliza kama zile alama aliziacha makusudi. Akaniambia hapana, mwanzoni yalikuwa makosa. Bibi aliyekuwa akichorwa alichoka, akawa anabadili mkao, naye mchoraji anafuta. Mpaka siku moja akaona makosa yanasema kuliko mstari uliokuwa sahihi, akaacha kuyaficha.

DADA: Nimependa ulivyomuuliza. Wengi wetu tukisimama mbele ya mwanafunzi tunakimbilia "hii inamaanisha nini?" Mtu akiulizwa hivyo anaanza kujitetea, anakutolea maneno aliyoyaandaa kwa ajili ya mtihani. Muulize sehemu gani ilimsumbua zaidi, utashangaa. Atakunyooshea kidole kona ambayo wewe hukuiangalia kabisa.

KAKA: Au muulize alijuaje kwamba kazi imekwisha. Hilo nililiuliza mara mbili siku ile, na wote wawili walinyamaza kidogo kabla ya kujibu.

DADA: Sasa kuna jambo naomba tulivutane kidogo. Yale maelezo yanayobandikwa pembeni ya kazi. Mimi nasema usiyasome kwanza. Angalia kazi hadi uchoke, ndipo usome. Wanafunzi wengi wanaandika maelezo kwa lugha nzito ambayo si yao, wamefundishwa kwamba sanaa inaandikwa hivyo. Ukianza na karatasi, macho yako yanaenda kutafuta kilichoandikwa na kuacha kilichopo.

KAKA: Kwa mchoro wa mkaa nakubali. Lakini kulikuwa na chumba kimetundikwa mashati, kama kumi na mawili, yote yamefuliwa na kupigwa pasi. Nilisimama pale, sikuona chochote zaidi ya mashati. Nikasoma karatasi: yote ni ya baba yake, aliyefariki, na yamepangwa kuanzia aliyovaa akiwa kijana hadi ya mwisho. Nikageuka, nikaona kola. Dada, kola za mwanzo zimelika kwa ndani, pale shingo inaposugua. Ya mwisho haijalika hata kidogo.

DADA: Haikupata muda wa kulika.

KAKA: Haikupata muda. Bila ile karatasi nisingeiangalia kola.

DADA: Hapo umenishika. Ila sikiliza, karatasi ilikuambia shati ni la nani. Haikukuambia uangalie kola. Kola umeiona mwenyewe.

KAKA: Sawa, tukutane hapo katikati.

DADA: Mimi nikuambie yangu. Niliwahi kwenda kwenye maonyesho ya wafinyanzi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi mmoja alikuwa amepanga bakuli kumi na moja kwenye ubao mrefu, kwa kufuata zilivyotoka kwenye tanuri. La kwanza lina nyufa nyembamba kama wavu, uso mzima. Hizo hutokea pale lile tabaka la kung'aa la juu linaposinyaa zaidi ya udongo wa chini yake wakati chombo kinapoa. Linavutwa, linapasuka. Unaweza hata kuzisikia, chombo kinalia tik, tik, kikiwa bado kina joto. Bakuli la pili nyufa zimepungua. La tatu zimezidi! La nne unaona kabadilisha udongo, rangi ya kitako imegeuka. Unatembea kando ya ule ubao unasoma mtu anavyofikiri, siku baada ya siku. Na bakuli la kumi na moja halikuwa safi. Lilikuwa na ufa mmoja, kama unywele, karibu na mdomo. Angeweza kuleta jipya. Akalileta hilo.

KAKA: Msanii aliyekomaa asingekuonyesha bakuli la tatu.

DADA: Asingelionyesha. Lingebaki kwenye karakana. Ndiyo maana ninapowasikia watu wakisema "ni kazi za wanafunzi tu", ile "tu" inanikera kabisa.

KAKA: Na wengine wanazitetea kwa hoja ambayo nayo siipendi. Wanakutajia mwaka 1988, London, msanii Damien Hirst akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Goldsmiths, akawakusanya wenzake kwenye jengo tupu la bandarini, wakafanya maonyesho yao, na wengi wao wakaja kuwa majina makubwa. Ni kweli yalitokea. Lakini ukienda ukumbini kuwinda jina la kesho, huangalii kazi, unapiga bei. Wengi wa hawa vijana wataishia kwenye kazi nyingine kabisa. Yule binti wa mkaa huenda asichore tena baada ya kuhitimu. Mchoro wake utapungua nini kwa hilo?

DADA: Hautapungua hata chembe.

KAKA: Ila si kila kitu kilinigusa, niseme ukweli. Ukuta mmoja ulikuwa na turubai nne za watu wanne tofauti, mwanga unatoka upande ule ule, njano ile ile, kivuli cha zambarau kile kile. Ni mkono wa mwalimu huo.

DADA: Hapo ningekuwa mpole. Kuiga ni shule. Mchoraji Van Gogh mwenyewe, mwaka 1889 na 1890, akiwa mgonjwa, alikaa akinakili kazi za mchoraji aliyemtangulia, Millet, kutoka kwenye chapa zisizo na rangi. Umbo la Millet, rangi za kwake. Kwa hiyo mimi mbele ya turubai nne zinazofanana naangalia zinapoachana. Pana mahali mmoja wao amesahau kumtii mwalimu.

KAKA: Sikuangalia hivyo. Pale nilipita haraka.

DADA: Basi ukirudi, anza na kingo za turubai, pale rangi inapokunja kwenda nyuma. Huko mtu anafanya anavyotaka, hajui kama ataangaliwa.

KAKA: Maonyesho yanafungwa Jumamosi. Twende wote, nipitie tena ule ukuta nikiwa na wewe.

DADA: Twende. Na kitabu cha wageni uliandika nini?

KAKA: Niliona kurasa nzima "hongera", "kazi nzuri", "Mungu akubariki". Kalamu nikaishika muda mrefu. Mwisho nikaandika: "Kidole gumba cha pili, kile kilichofutwa karibu kiishe, ndicho kilichonirudisha."

DADA: Jumamosi unionyeshe hicho kwanza.